Siku saba bila kusafiri

Somo: Hesabu 12:1–15

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Jumamosi mbili zilizopita tuliwapeleka vijana wa ushirika wetu pale makutano ya barabara za 18th na Vine, hapa Kansas City, kwenye makumbusho ya ligi za besiboli za watu weusi. Miaka yote niliyoishi mji huu nimekuwa nikipita pale na gari nikijiambia kwamba hayo ni mambo ya Wamarekani na mchezo wao. Mchezo wenyewe siujui sana hata sasa. Najua mmoja anarusha mpira, mwenzake anaupiga kwa gongo, halafu anakimbia kuvizunguka vituo vinne mpaka arudi alipoanzia. Lakini kilichonishika siku ile, na ambacho kimenikosesha usingizi, ni wavu wa banda la kuku.

Ukiingia tu unakiona kiwanja kidogo ndani ya jengo, na sanamu za shaba za wachezaji wa zamani, kila mmoja amesimama mahali pake. Unawaona ila huwafikii. Kati yako na wao pana wavu, ule ule wa matundu madogo tunaozungushia mabanda nyumbani. Mzee Buck O'Neil, mchezaji wa zamani wa ligi hizo, naye yupo pale kwa shaba, akitazama kupitia wavu kama wewe. Inakubidi uzunguke makumbusho yote, usome yote, upite miaka yote, ndipo mwishoni kabisa unaingia kiwanjani. Waliojenga walikusudia hivyo, kwa sababu watazamaji weusi walikuwa wakitengwa nyuma ya wavu wa namna hiyo.

Kijana wetu mmoja wa miaka 12, wazazi wake wametoka Bukavu, alitia vidole kwenye matundu akaniuliza, "Mama, juu ya nini hatuingie?" Nikamwambia tutaingia baadaye. Nikajiona nimejibu kama walivyojibiwa babu wa watu wale.

Sasa fungueni Hesabu 12. Miriamu na Haruni wanamnena Musa kwa sababu amemwoa mwanamke Mkushi, mwanamke wa Kiafrika. Tusimsome Miriamu kama mtu wa mataifa. Huyu ndiye aliyesimama kando ya mto kumlinda Musa mchanga ndani ya kisafina. Ndiye aliyeshika tari akawaongoza wanawake kuimba baada ya bahari. Ni nabii, ni kiongozi wa sifa. Na neno lake hakulisema mlimani mbele ya watu wote, ni la kunong'onezana ndugu kwa ndugu. Halikuandikwa amri yoyote kwamba Wakushi wasikaribie hema. Ila Maandiko yanasema, "Bwana akasikia."

Ligi kubwa za besiboli nazo hazikuwahi kuandika sheria kwamba mtu mweusi asicheze. Mwaka 1884 alikuwepo mdakaji mweusi katika timu ya Toledo, jina lake Moses Fleetwood Walker. Naye ni Musa, mnaona. Mdakaji huchuchumaa nyuma ya mpigaji na kumpa mrushaji ishara kwa vidole, mpira uje wa namna gani, ili ajiandae kuupokea. Mrushaji wao mmoja, Tony Mullane, alikuja kukiri mwenyewe miaka mingi baadaye kwamba Walker alikuwa mdakaji bora kuliko wote aliocheza nao, lakini kwa kuwa hakumpenda mtu mweusi alizipuuza ishara zake akarusha alivyotaka. Hebu jaribuni kuiona mikono ya Walker. Enzi hizo wadakaji hawakuwa na glavu nene za leo. Mpira unakuja kwa kasi, hajui unakuja wapi, na aliyeurusha amevaa sare kama yake.

Alicheza michezo 42 mwaka ule. Baada ya hapo mlango ukafungwa, na ukakaa umefungwa zaidi ya miaka 60. Wenye timu walielewana tu. Walikuwa watu wa kwenda kanisani, wengi wao. Ukimuuliza mmoja angekuambia hakuna sheria kama hiyo, na angekuwa anasema kweli.

Watu weusi wakajijengea ligi yao. Ilianzishwa hapa hapa Kansas City, Februari 1920, katika jengo la YMCA barabara ya Paseo, karibu kabisa na yalipo makumbusho. Aliyewaita ni Rube Foster, mtoto wa mchungaji kutoka Texas. Mzee O'Neil alipenda kusimulia kwamba Monarchs, timu ya mji huu, walipocheza nyumbani Jumapili, makanisa ya watu weusi yalianza ibada saa nne badala ya saa tano, ili watu watoke kanisani na nguo zao nzuri waende moja kwa moja uwanjani. Nimelifurahia sana hilo. Waliofungiwa nje walijua kukaa pamoja mbele za Mungu na pia kushangilia pamoja.

Lakini tusilipambe jambo hili. Yuko Josh Gibson wa Pittsburgh, mpigaji ambaye waliomwona walisema hajapata kutokea kama yeye. Alifariki tarehe 20 Januari 1947 akiwa na miaka 35. Tarehe 15 Aprili mwaka huo huo, hata miezi mitatu haijatimia, Jackie Robinson, mchezaji mweusi, aliingia uwanjani na Brooklyn Dodgers, timu ya ligi kubwa, na mlango ukafunguka. Kaburi la Gibson lilikaa bila jiwe lenye jina lake mpaka mwaka 1975. Mwaka 2024 ndipo ligi kubwa zilipoziingiza takwimu za ligi za weusi katika vitabu vyao rasmi, na Gibson akaonekana anaongoza wote waliowahi kucheza: mapigo safi 372 kwa kila majaribio 1,000. Miaka 77 baada ya kuzikwa. Namshukuru Mungu kwa waliofanya kazi ya kutafuta magazeti ya zamani na kuhesabu upya. Ila nilisimama mbele ya picha yake nikalia.

Kuhusu Robinson nataka kusema neno moja, maana wahubiri tunampenda na mara nyingi tunamtumia vibaya. Branch Rickey, bosi wa Dodgers, Mmethodisti aliyekataa kwenda uwanjani siku za Jumapili, alimwita ofisini Agosti 1945 akamtaka asijibu tusi lolote. Robinson akakubali, naye hakuwa mtu baridi. Mwaka uliotangulia alikuwa amesimama mbele ya mahakama ya kijeshi baada ya kukataa kuhamia nyuma ya basi, akashinda. Sisi tunahubiri kunyamaza kwake, geuza shavu la pili, na tunaishia hapo. Musa naye alinyamaza, imeandikwa alikuwa mpole kuliko watu wote. Lakini upole wake haukumaliza jambo. Mungu aliwaita watatu wale watoke waende kwenye hema ya kukutania, na mwenyewe akawakemea Miriamu na Haruni. Aprili 1947, wakati kocha wa Philadelphia na wachezaji wake walipomporomoshea Robinson matusi mchezo baada ya mchezo, aliyewafokea hatimaye na kuwaita waoga ni Eddie Stanky, mwenzake wa timu, mzungu, ambaye mwanzoni hakufurahia ujio wake. Shavu la pili ni la aliyepigwa, naye huamua mwenyewe na Mungu wake. Sisi tuliosimama kando tuna kazi nyingine.

Miriamu akapigwa ukoma, mweupe kama theluji. (Sisemi rangi nyeupe ni adhabu, adhabu ilikuwa ukoma.) Musa akamlilia Mungu amponye. Na hapa ndipo ninapowaomba mkae kidogo, mstari wa 15: alifungiwa nje ya marago siku saba, na watu hawakusafiri mpaka alipoletwa ndani tena. Taifa zima lilisimama. Wazee, watoto, mifugo, hema zimefungwa tayari kwa safari, na hakuna anayeondoka, kwa sababu ya neno lililosemwa na ndugu wawili kuhusu ngozi ya mwanamke mmoja.

Nami nina la kuungama. Mwaka jana nilikuwa jikoni kanisani nakosha masufuria ya chai na dada wawili, Watanzania wenzangu. Kwaya ya ndugu zetu wa Kongo ilikuwa bado inaimba. Nikasema hawa watu wakishika maikrofoni hawaachii, na Kiswahili chenyewe mtu unabahatisha tu wanasema nini. Tukacheka. Nilipogeuka, mama wa kijana yule yule alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Aliviweka mezani kimoja kimoja, taratibu, akasema, "Mungu awabariki, bamama," akatoka.

Hakuingia tena jikoni tangu siku ile. Hakuna aliyemkataza. Hakuna kikao kilichokaa. Ukiangalia wanaopika na kugawa chai kanisani kwetu utaona wote ni Watanzania na Wakenya, na ukituuliza tutakuambia jiko ni la kila mtu.

Jumatano nilikwenda kwake. Nilimwambia nililolisema, neno kwa neno, kwa maana "nisamehe kama nilikukosea" ni njia ya kukwepa. Alinyamaza muda mrefu. Akaenda kubandika maji ya chai. Aliporudi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. "Mama, unisomee hii," akasema. Ilikuwa fomu ya timu ya besiboli ya watoto. Ada ya msimu, sare, gongo, glavu, na safari za mashindano ambazo mzazi anajilipia hoteli. Alikuwa ameificha wiki tatu kwa kuona aibu kuuliza.

Ndipo nikaelewa kitu nilichokisikia makumbusho bila kukijali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 karibu mchezaji mmoja kati ya watano katika ligi kubwa alikuwa Mmarekani mweusi. Siku hizi ni kama 6 katika kila 100. Fainali ya mwaka 2022 haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja aliyezaliwa Marekani, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu mwaka 1950. Wachezaji wenye ngozi nyeusi bado wapo, wengi wametoka Jamhuri ya Dominika na visiwa jirani, na ni baraka kuwaona. Ila mtoto mweusi wa mji huu, fomu kama ile inamsimamisha mlangoni. Wavu umebadilika tu sura.

Tulikusanya, na ada imelipwa. Glavu tumepata ya mtumba, nzuri. Mzee O'Neil mwaka 2006, akiwa na miaka 94, kura za kumwingiza katika jumba la heshima la besiboli hazikutosha, wakati wenzake 17 wa enzi zile waliingia, wote marehemu. Akaenda Cooperstown, mji lilipo jumba hilo, kuwasemea, akawafanya watu wote washikane mikono wakaimba. Miezi michache baadaye akafariki. Wakaja kumwingiza mwaka 2022. Nimekuwa nikiifikiria mikono ile iliyoshikana kila ninapomwona kijana wetu anatupa mpira ukutani nyuma ya kanisa.

Mchezo wake wa kwanza ni Jumapili hii saa saba mchana. Mchungaji amekubali: ibada itaanza saa nne badala ya saa tano, na chai tutainywea kiwanjani. Mama yake ndiye atakayeshika jiko. Anahitaji watu wawili wa kukanda unga wa maandazi Jumamosi jioni, na mmoja ni mimi.