Siku Moja Maishani Mwangu: Mashua, Kiberiti na Namba Nne

Saa kumi na mbili asubuhi natoka nyumbani nikiwa nimekunywa chai ya rangi tu. Saa moja nishafungua chumba changu cha kazi hapa Kondele, Kisumu.

Natengeneza picha za 3D za matangazo. Majirani huita "kazi ya kompyuta" na kuniletea simu zao niwawekee programu. Shangazi, anayejua nilisomea hisabati chuoni, bado huniuliza nitaanza kufundisha lini. Naandika haya ili aone hisabati yenyewe iko wapi.

Hadi saa nne nilijibu barua pepe, nikarekebisha rangi za nembo ya duka moja, nikatuma ankara mbili.

Saa nne na nusu mteja akaingia. Ni mzee anayetembeza watalii kwa mashua kule Dunga. Tulikubaliana tangazo la sekunde 12: mashua inapita ziwani taratibu, jua linazama. Akavuta kiti nyuma yangu, akasema amefikiria upya. Anataka mashua iruke kutoka majini kama mbuta, pua itazame mbinguni, ijigeuze ubavu hewani, ndipo itue. Na tarehe ya kukabidhi ni ile ile, kesho saa tatu asubuhi.

"Nyathina, mwanangu, si ni kubonyeza tu?"

Nikajaribu mbele yake. Mashua ilipanda vizuri, lakini pua iliposimama wima ikatetemeka na kupinduka vibaya. Mzee akaguna. "Kompyuta yako inaumwa."

Haikuwa inaumwa. Kwa ule mwendo wa taratibu nilikuwa nimetumia pembe tatu: kugeuka kushoto na kulia, kuinua pua, na kulala ubavu. Pua ikifika nyuzi 90, mhimili (mstari wa kuzungukia) wa kwanza na wa tatu hulala juu ya mstari mmoja. Kugeuka na kulala ubavu vinakuwa kitu kimoja, na njia moja ya kusogea inapotea kabisa.

Nikaomba kiberiti chake. Nikakilaza mezani, urefu wake ukitoka kushoto kwenda kulia. Nikakiinamisha mbele robo mzunguko, kisha nikakigeuza kulia robo: kikakalia ubavu wa kuwashia njiti. Nikakirudisha, nikaanza na kulia, ndipo nikainamisha mbele: kikasimama wima kama mnara. Mizunguko ni ile ile miwili, mpangilio tu umebadilika. Darasani tuliiita kundi lisilobadilishana, na wanafunzi wengi walilikariri kwa ajili ya mtihani wakaliacha hapo.

Mzee alikigeuza mwenyewe mara nne, tano. Kisha akasema jambo ambalo sitalisahau: "Hata mashua ni hivyo. Ukizima injini ndipo ukate kona, hufiki pale ungefika kama ungekata kona kwanza."

Ndipo stima ikapotea.

Tulikaa gizani kwa muda wa karibu saa tatu, dirisha dogo, joto la mchana, betri ya akiba ikilia hadi ikanyamaza. Nikamsimulia kuhusu mwanahisabati William Rowan Hamilton, aliyetafuta kwa miaka namba za kuwakilisha nafasi ya pande tatu. Tatu zilimkatalia. Tarehe 16 Oktoba 1843, akitembea na mkewe kando ya mfereji mjini Dublin, aliona kwamba zinahitajika nne, akachonga kanuni yake kwa kisu kwenye jiwe la daraja. Gharama yake ni mpangilio: ukiita sehemu zake tatu i, j na k, i mara j ni k, lakini j mara i ni k hasi. Namba hizo ndizo kwaternioni. Mwaka 1985 Ken Shoemake alionyesha jinsi ya kuzitumia kulainisha mizunguko katika katuni za kompyuta. Miaka 142 kati ya lile daraja na skrini! Mzee alisikiliza, ila kuhusu kuongeza malipo hakusema neno.

Stima iliporudi aliaga. Nikahamisha mashua yote kwenye kwaternioni. Pua ikapanda, ikapita wima bila kutetemeka. Nikashukuru mapema mno, maana katikati ya kuruka ikazunguka njia ndefu, karibu mzunguko mzima, badala ya kujigeuza kidogo tu. Sijui nililitazama hilo kosa kwa muda gani. Macho yalikuwa yanawasha, ugali wa jirani ulikuwa umepoa kando yangu. Namba nne na zile zile zikiwa na alama za kinyume huonyesha mkao mmoja, na fremu zangu mbili (picha moja moja za tangazo) zilikuwa zimeandikwa kwa alama tofauti. Nikageuza alama za namba zote nne kwenye fremu ya pili. Mashua ikajilaza ubavu kama samaki, ikatua.

Ilikuwa saa nne usiku. Kompyuta ilibaki kuchora fremu 300, kila moja dakika mbili: kazi ya saa kumi kamili, stima isipopotea tena. Simu ikalia.

"Nyathina, imeruka?"

"Imeruka, Mzee."

"Kiberiti changu nimekisahau hapo."

Kilikuwa mezani, kimesimama wima.