Ya atakayeamka

Jumatano usiku. Sare za watoto zimeshapigwa pasi, nyumba imetulia, na mimi bado namsikia Baba akimjibu mjukuu wake mezani. Maneno machache tu. Nimeenda nayo kazini leo na nimerudi nayo. Niyaandike, labda yataniacha nilale.

Mwaka huu Pasaka imeangukia tarehe 5 Aprili, kwa hiyo Jumatatu ya Pasaka imeshikana na Siku ya Karume ya tarehe 7, na kuanzia Ijumaa Kuu mpaka jana tukawa na siku tano za kukaa nyumbani. Nyumbani kwetu Kibosho, mlimani Kilimanjaro, namaanisha. Tulitoka Arusha Alhamisi jioni, foleni ya Tengeru ikatuchelewesha, tukaanza kupanda gizani mvua inamwagika. Kazini waliniuliza kwa nini nihangaike na tope la masika wakati Desemba nitakwenda tu. Tatizo ni hiyo hiyo Desemba. Desemba kila Mchaga anapanda nyumbani, kila boma lina harusi au kipaimara, na Baba unamwona kwa mbali akipokea wageni. Pasaka wenye magari madogo wanaogopa utelezi, wanabaki mjini, na wewe unakaa jikoni na Mama mnamenya ndizi za mtori mpaka maneno yaliyokuwa yamejificha yanatoka yenyewe. Kwangu mimi hakuna sikukuu inayoizidi.

Habari za familia ni hizi: wifi ni mjamzito tena, Kaka ameuza gari lake, ile Noah, binti wa shangazi amebatizwa kwenye mkesha wa Pasaka baada ya miaka yote ile ya kusitasita, na Jumapili asubuhi alichinjwa mbuzi. Mengine nitawasimulia siku nyingine.

Nataka kusema juu ya mezani.

Jumapili mchana tulikuwa wote. Machalari yameiva, watoto wamekaa kwenye mkeka lakini wamesogea mpaka miguuni kwa wakubwa. Mwanangu wa pili, yule mwenye jina la Baba, anayeitana naye wajina na kwa sababu hiyo hakatazwi kitu pale nyumbani, akaacha kula akauliza:

“Babu, wewe ukifa, hii nyumba inakuwa ya nani?”

Mama akamtolea macho. Mimi nikamfinya bega. Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, ambaye kwa desturi ndiye anayebaki na boma la wazazi, na kila mtu pale amelijua hilo tangu siku aliyozaliwa, alikuwa ameinama anamnyang'anya mwanawe mfupa. Baba hakukasirika. Alimaliza kutafuna kwanza.

“Ya atakayeamka, wajina.”

Wifi akaangua kicheko. “Baba, leo umemzidi padri!” Wote wakacheka, maana ni Pasaka na tulikuwa hatujasahau mahubiri ya kaburi tupu. Baba akaomba chumvi. Maongezi yakarudi kwenye Noah.

Mimi sikuweza kucheka, kwa sababu wenzangu hawakujua habari za usiku.

Usiku wa kuamkia Jumapili, tuliporudi kutoka mkesha, mvua ilikuwa imetulia. Ikarudi kwa nguvu watu wote wakiwa wameshalala. Nilisikia mlango wa nyuma, nikajua ni yeye. Nikavaa koti la Mama na kandambili nikamfuata. Mfongo, yaani mfereji wa maji, unapita juu ya nyumba yetu, niliwahi kuandika jinsi mababu walivyoichimba mifongo ile kabla Mjerumani hajafika, kuyatoa maji mtoni na kuyatembeza ubavuni mwa mlima mpaka kwenye vihamba, yale mashamba yetu ya migomba na kahawa. Wakati wa kiangazi watu wanagombania zamu. Masika hakuna anayeyataka maji. Kazi ni kuyazuia, na masika mlango wa mfongo wa kuingiza maji kwetu huwa umezibwa kwa mawe na udongo. Usiku ule shina la mgomba lilikuwa limesombwa kutoka juu likakwama, maji yakapanda yakabomoa ukingo, yakawa yanashuka kihambani kuelekea kwenye banda la ng'ombe na ile mistari ya kahawa ya babu yetu. Kahawa hiyo ndiyo Baba alikuwa anaibeba gunia kwa gunia kwenda chama cha msingi, na hela ya KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, ikanifikisha chuo.

Alikuwa amesimama ndani ya mfongo, maji magotini, anavuta lile shina. Sikumwambia toka, Baba, utaumwa. Nilishika tochi.

“Mulika huku,” akasema. Halafu, “Chini, si usoni.”

Basi. Shina lilipotoka nikaiegesha tochi kwenye uma wa mti nikawa nampa mawe, naye anayapanga na kuyashindilia udongo kwa kisigino. Nilipokuwa mdogo kaka zangu wakiwa bweni, mimi ndiye niliyekuwa naongozana naye alfajiri kufungulia maji zamu yetu ikifika, na nashangaa mikono haikusahau lipi linaanza, jiwe au udongo. Tulipomaliza alisafisha jembe kwenye majani, akaniambia, “Kalale.” Asubuhi hakusema lolote kwa mtu yeyote. Mimi nikanyamaza pia. Mdogo wangu alikuwa ameendesha gari kutoka Dar siku nzima ya Ijumaa na Jumamosi akashinda anabeba majani ya ng'ombe. Alikuwa na haki ya kulala na simlaumu hata kidogo.

Sasa ninyi niambieni. Alikuwa anamjibu mtoto tu, jibu la mzee anayetaka kula kwa amani? Au alikuwa ananiambia mimi? Hakunitazama. Nimeirudia ile dakika tena na tena na nina hakika hakunitazama. Lakini chumvi ilikuwa mbele yangu, na alipoiomba nilinyoosha mkono nikampa, akasema, “Asante, mama,” kama anavyoniita siku zote. Angeweza kumwambia Kaka aliyekaa karibu yake. Jumapili nzima nilitembea nimebeba furaha ambayo sikuwa na wa kumwonyesha. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 naijua, inampa mwanamke haki sawa ya ardhi, na wanawake wa ukoo wetu waliolia mbele ya wazee wa ukoo nawajua pia. Sikuwa nawaza hati wala mipaka. Nina nyumba yangu Arusha, mume wangu ana kwao Meru. Nilichokuwa nawaza ni kwamba mtu huyu, ambaye hajawahi kunisifia hata nilipofaulu, ameona. Alinihesabu.

Hayo yalikuwa ya Jumapili na Jumatatu.

Jana asubuhi mawingu yalifunguka kidogo, Kibo ikaonekana nyeupe mpaka chini kuliko kawaida, watoto wakapiga kelele, ikafungwa tena. Tukawa tunapakia ndizi. Niliingia chumbani kwa wazazi kuchukua begi, nikakuta gambuti za Baba zimesimama kando ya kitanda, upande wake, zina tope bichi, na jembe limeegeshwa ukutani. Chumbani. Jembe kwetu linakaa stoo. Nikamuuliza Mama.

“Ah, huyo,” akasema, huku anafunga mkungu kwa kamba ya mgomba. “Siku hizi mvua ikinyesha halali. Analala na nguo zake.”

“Usiku wote?”

“Anakaa hapo kitandani anasikiliza.”

“Na wewe unamwacha atoke peke yake?”

“Atatoka na nani?”

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayekwambia bei ya sukari, akainua mkungu kichwani akatoka. Nikabaki pale natazama gambuti.

Kwa hiyo tangu jana jibu la Baba limebadilika sura na furaha yangu imepungukiwa. Labda hakuwa anamsifu mtu. Labda hakuwa anamgawia mtu kitu. Mtoto alimuuliza nyumba itakuwa ya nani, naye ni mtu ambaye masika yote anakaa kitandani na nguo zake akiusikiliza mfongo, na vitanda vyote vya nyumba ile ni vitupu isipokuwa kile. Alisema linalomkaa rohoni. Nani ataamka? Mimi niliamka usiku mmoja, nipo likizo, nimeshiba, nina koti la Mama. Usiku wa leo niko kilomita themanini na kitu kutoka kwenye ule ukingo tuliouziba, na nimeujua udongo ule, umeshindiliwa ukiwa umelowa.

Nimewaza kijana wa kukaa pale. Baba atamfukuza ndani ya wiki, kama alivyomfukuza yule niliyewahi kumwandika hapa. Nimewaza kuzungumza na mdogo wangu, lakini nitaanzaje bila ionekane namlaumu, au namchungulia urithi wake? Jibu lile lile linalonifurahisha ndilo linalonifunga mdomo. Nikimwambia habari za usiku ule, lazima nimwambie na mezani Baba alikuwa anasema nini, au nadhani alikuwa anasema nini. Na kama nimekosea kuelewa? Nitakuwa nimewagombanisha kwa neno ambalo mzee alilisema ili ale.

Jioni hii alipiga simu. Huwa hapigi, huwa tunampigia sisi.

“Watoto wameenda shule?”

“Wameenda, Baba. Wajina wako amepeleka ndizi kwa mwalimu.”

Akacheka kidogo. “Mvua huko?”

“Hakuna. Mawingu tu.”

“Huku imeanza,” akasema, na muda wa maongezi wake ukaisha, au alikata. Nilipopiga tena simu ilikuwa inaita tu. Ameiacha mezani bila shaka, ndivyo alivyo.

Nitampigia Kaka asubuhi. Yeye yuko karibu, boma lake alilomegewa lipo pale chini, na hana cha kugombea na mtu. Aanze tu kupita jioni jioni kuutazama ule ukingo. Hilo naweza kulisema bila kugusa ya mezani.

Lingine: kuna kikao kesho saa tatu kazini, kwenye kampuni yetu ya kutembeza watalii. Ujumbe umetumwa kwa wote, na madereva wamo. Mwezi wa nne madereva huwa hawaitwi vikaoni, hakuna safari, kambi nyingi zimefungwa kwa ajili ya mvua na wao wako makwao wanasubiri Juni. Nimeangalia vitabu vya Machi mara mbili leo na wageni walioweka nafasi za Juni na Julai si wachache kiasi cha kutisha, ila malipo ya awali yameingia nusu tu. Mwenzangu wa mapokezi anasema ni mambo ya sare mpya. Sare mpya haziitiwi watu kutoka Karatu. Na ada ya awamu ya pili ya hawa wawili inatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi.