Siku moja maishani mwangu: mayai ya kinyonga kwenye kabati la nguo

Saa 11 alfajiri. Minneapolis, theluji nje, na mimi kabla hata sijapiga mswaki nishafungua kabati nacheki kipimajoto. 26. Safi. Kuna watu wananunua mashine ya kutotolea ya bei mbaya, mi naona kabati linatosha kabisa, maana hawa ni vinyonga wa Yemen, wale wenye kilemba kichwani, mayai yao yanataka nyuzi 26 hadi 28 hivi na hita ya nyumba inawaka msimu wote wa baridi. Joto likizidi sana ndo balaa, yanakufa.

Yako kwenye kontena za plastiki, nusu yamezama kwenye vemikulaiti, zile chembe nyepesi wanazooteshea maua, nimechanganya na maji uzito sawa kwa sawa. Kila yai lina alama ya penseli juu. Kuku anageuza mayai yake, haya ukishayaweka usiyageuze, kijusi kinaweza kufia humo humo.

Saa 1 niko kazini, nahudumia wazee. Hapo hamna stori, ni mbio tu.

Saa 6 mchana, kwao Arusha saa 3 usiku, nampigia mama.
"Shikamoo mama."
"Marahaba. Bado unalala na hayo madudu?"
"Bado mayai mama."
"Mh. Mkosi huo."
Nikamwambia mbona hapo hapo Mlima Meru kuna kinyonga wa pembe tatu na huyo hatagi, anazaa watoto wazima wazima. "Kinyonga anazaa? We rudi kazini mwanangu." Akakata.

Saa 10 jioni nampulizia mama mtu, yule kinyonga aliyetaga, maji kwenye majani, hanywi kwenye bakuli huyu, halafu nampa nyenje waliopakwa unga wa kalsiamu. Huyu alichimba handaki kwenye ndoo ya mchanga mbichi akataga akafukia, basi, malezi yake yakaishia hapo, na ni miezi saba hivi sasa.

Saa 2 usiku nafungua kabati, yai moja linatoka jasho! Matone juu ya ganda, na limenywea kidogo. Moyo paa. Baadae kidogo ganda limechanika kwenye ncha, pua inaonekana, na hapo ndo kazi ngumu kuliko zote yani kutokufanya kitu, anaweza kukaa masaa kichwa nje mwili ndani anamalizia kiini, ukimvuta unachana kifuko cha hicho kiini na umemuua. Rafiki yangu kwenye video call anapiga kelele "msaidie bana!" Nikamkatia simu.

Saa 5 bado kachungulia tu, jicho moja linazunguka. Wakitoka, baada ya siku moja mbili wataanza kutafuta chakula, kwahiyo nikaenda kukagua chupa za nzi wa matunda wasioruka ninaowafugia ndizi. Mbili zimejaa, ya tatu imeota ukungu, nikaitupa.