Vifupisho vya Git: nukuu moja, si mbili

Kuandika git status, amri ya Git (programu ya kufuatilia mabadiliko ya faili za mradi), kutwa nzima kunachosha. Ipe jina fupi:

git config --global alias.st 'status -sb'

Sasa git st inakuonyesha tawi (mkondo wa kazi) ulilopo na faili zilizobadilika, basi. Mpangilio unakaa kwenye ~/.gitconfig. Usitumie jina la amri iliyopo, kama commit. Git itakipuuza kifupisho chako kimyakimya.

Kifupisho kinachoanza na alama ya mshangao huendeshwa na sheli (programu inayopokea amri unazoandika), tena kutoka folda kuu ya mradi, si pale ulipo. Jaribu:

git config --global alias.mzizi '!pwd'

Ukitumia nukuu mbili (" ") badala ya moja (' '), sheli ya Bash huidaka alama hiyo kwanza na kuitafuta kwenye historia ya amri, ndipo unapoona "event not found".

Kuanzia toleo la Git 2.37, washa pia mpangilio wa push.autoSetupRemote: tawi jipya litasukumwa kwenye hifadhi ya mbali kwa git push tupu.