Hata mwenye cheti feki alikatwa asilimia tano

Juzi jamaa yangu kanibana na swali: mtu kaghushi cheti, kaingia serikalini kwa uongo, kala mshahara miaka ishirini, leo anadai mafao gani tena? Nikamwambia ngoja nikaandike, maana kwa mdomo tungeishia kugombana tu na chai ingepoa.

Turudi Aprili 28, 2017, Dodoma pale UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma. Waziri wa Utumishi wa wakati ule, Angellah Kairuki, anamkabidhi Rais Magufuli ripoti ya uhakiki wa vyeti, ndani kuna watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Palepale ikatoka amri waondoke, mshahara wa mwezi ule wasipewe, majina yatangazwe, na atakayekuwa bado yupo kazini baada ya Mei 15 apelekwe mahakamani. Waliojiona wameonewa waliambiwa wakate rufaa, sawa, ila rufaa hiyo unaikata ukiwa umeshaitwa feki nchi nzima, mshahara hauna, na watoto shuleni wameshasikia.

Mimi sibishi kwamba wengi walighushi kweli. Baraza la Mitihani wana kumbukumbu zao, cheti kipo au hakipo. Lakini ripoti ileile ilikuwa na kundi lingine ambalo watu hawalizungumzii, vyeti 1,538 vilivyokuwa vinatumiwa na watumishi 3,076, yaani cheti kimoja watu wawili, sasa hapo kwenye kila jozi kuna uwezekano mkubwa mmoja ndo mwenye cheti chake halali aliyekaa darasani akafanya mtihani, na kompyuta haiwezi kukwambia ni yupi, lazima uwaite wote wawili uwasikilize. Ndo maana Katiba yetu ibara ya 13(6)(a) inataka mtu asikilizwe kikamilifu pale haki zake zinapoamuliwa, na awe na haki ya kukata rufaa. Vyote viwili, sio uchague kimoja.

Halafu mafao. Mtumishi anakatwa 5% ya mshahara kila mwezi inaenda mfuko wa hifadhi, mwajiri anaongeza 15%. Ile 5% ilitoka kwenye jasho la mtu aliyefundisha watoto wetu au aliyekesha wodini, na alifanya kazi kweli hata kama cheti kilikuwa cha magumashi. Ilikaa huko miaka mitano na zaidi, hadi mwishoni mwa 2022 serikali ya Mama Samia ikakubali kuwarudishia michango yao wenyewe. Ile ya mwajiri hapana.

Waliosoma sheria watakumbuka kesi ya Ridge dhidi ya Baldwin, Uingereza. Ridge alikuwa mkuu wa polisi wa Brighton, akashtakiwa, mahakama ikamwachia huru lakini jaji akamsema vibaya, basi kamati iliyokuwa inasimamia polisi wa mji ikakaa Machi 1958 ikamfukuza bila kumwita wala kumpa tuhuma zake. Mzee hakutaka hata kurudi kazini jamani, alichokuwa anapigania ni pensheni yake tu! Mwaka 1963 House of Lords, ndo ilikuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati ule, wakasema uamuzi ule ni batili. Hawakusema Ridge ni malaika, hilo hata halikuwa swali lao, walisema hakusikilizwa basi.

Kwahiyo mimi naona kufukuzwa na kunyimwa mafao ni maamuzi mawili, kila moja lipate barua yake, tuhuma zimeandikwa, siku za kujibu, na anayeamua asiwe yuleyule aliyechunguza. Ni gharama? Ndio, ila watu hao walikuwa na mafaili na wakuu wa idara, hawakuwa wapita njia.

Jamaa nimeshamtumia hii asome kwanza. Kajibu: "Sawa, 5% yake apewe, ile 15% asahau." Hapo kwa waliothibitika kabisa hata mimi sina ubishi sana, ila yule wa cheti cha watu wawili hajanijibu mpaka sasa hivi, naona tiki mbili za bluu tu.