Mchezo wa sarafu niliokaa nao mwaka na nusu

Watu wakiuona huu mchezo wangu wa mazingaombwe wanajua ni kitu cha dakika tatu, na kweli ni dakika tatu, ila ulianza ukiwa dakika saba, sarafu nne, glasi, kitambaa na maneno kibao, leo nimebaki na sarafu mbili, kalamu moja na mkono wa mtazamaji. Wanamazingaombwe wenzangu wananiuliza muda wote huo nilikuwa nafanya nini, kwa hiyo nimeona niandike, siri zenyewe nitaziruka lakini kazi yenyewe naweza kuieleza.

Mi kabla sijagusa kifaa chochote naandika sentensi moja tu: huyu mtazamaji akifika nyumbani atawaambia nini wenzake? Kama hiyo sentensi ina "afu" tano ndani yake najua mchezo bado haujaiva. Angalia kile alichokifanya Dai Vernon, fundi wa mazingaombwe ya karata, mwaka 1922 kule Chicago. Houdini, mwanamazingaombwe maarufu wa enzi hizo, alikuwa anajigamba kwamba mchezo wowote akionyeshwa mara tatu ataujua, Vernon akamwandikisha herufi za jina lake kwenye karata, akaiweka ya pili kutoka juu, akafunua ya juu, ndo hiyo hiyo. Akarudia, akarudia tena, na Houdini hakuambua kitu. Hebu isimulie: karata yangu iliwekwa ya pili, ikatokea juu. Basi. Mtoto wa miaka sita anaweza kuusimulia, na mpaka leo watu wanausimulia.

Wangu ulianza na sentensi "sarafu nyeupe iligeuka ya shaba mkononi mwake". Mkononi mwangu mimi, yani. Kumbuka hapo, nitarudi.

Ile kazi ya vidole niliiweza ndani ya wiki tatu. Nilikuwa napiga tizi mbele ya kioo na naona safi kabisa, nikaja kujirekodi kwa simu nikagundua kila nikifika kwenye ile nukta ya hatari, pale ninapofanya ujanja wenyewe, nafumba macho! Macho yenyewe yanajifumba bila kunishirikisha, kwa hiyo kwenye kioo sikuwahi kuiona ile sehemu hata siku moja. Tangu hapo kioo natumia kuangalia mkao tu, mengine yote ni simu, tena naitegesha pale atakapokaa mtazamaji, na pembeni kwake, maana anayekukamata mara nyingi ni yule wa pembeni.

Video ikawa safi. Nikaenda nao kwenye shoo, na kila meza kuna mtu ananyoosha kidole: "ile nyingine iko mkono wa kulia." Sio kwamba aliona, nimerudia zile video mara nyingi na hakuna cha kuona. Kilichomshtua ni swali ambalo hata yeye hajalisema: mbona amehamisha sarafu kutoka mkono huu kwenda ule wakati hakuna sababu? Mtu hahamishi kitu mkono bure. Anahamisha kwa sababu anataka kufungua mlango, kupokea simu, kujikuna. Basi nikaitafuta sababu karibu miezi miwili na nikaipata kwenye kalamu iliyo mfuko wa shati: nataka kuchukua kalamu, mkono wa kulia una sarafu, kwa hiyo naihamishia kushoto. Kidole hakikunyooshwa tena. Halafu kalamu ikaniletea zawadi nyingine ambayo sikuitegemea, maana mkono unaoficha kitu huwa unakufa, vidole vinakakamaa, bega linapanda, lakini mkono ulioshika kalamu uko hai, una kazi yake na hakuna anayeushangaa.

Zoezi langu hapo ni hili na nalipenda sana: nahamisha sarafu kweli kweli mara kumi, afu kwa uongo (najifanya tu naihamisha) mara moja, nachanganya, narekodi, naangalia kesho yake nikiwa nimeshasahau mpangilio. Nikiweza kuuotea ule wa uongo, bado. Mara nyingi kosa linakuwa kwenye macho. Kwenye uongo nilikuwa naukodolea mkono wa kushoto kama nauombea, wakati ukihamisha kitu kweli unatupia jicho kidogo tu afu unamwangalia mtu unayeongea naye.

Maneno nayo nilifyeka. Nilikuwa nasema "hii ni sarafu ya kawaida kabisa", sasa nani alikuwa amesema si ya kawaida? Unamfundisha mtu kushuku. Siku hizi naiweka mezani, anaichezea mwenyewe, mi nanyamaza. Juan Tamariz, mwanamazingaombwe wa Hispania, amefundisha sana habari ya kuziba njia ambazo akili ya mtazamaji inaweza kupita kutafuta siri, na mi nimejifunza kuziziba kimya kimya: mikono ya shati nimeikunja tangu mchezo uliopita, sigusi mfuko wowote baada ya kalamu.

Kwa mchezo mchanga sifungui shoo wala siifungi. Nauchomeka katikati ya michezo miwili yenye nguvu, ukianguka unashikwa na wa nyuma yake. Na baada ya kila shoo, kabla sijala, naandika kwenye daftari walipocheka, walipotulia, waliponiangalia mkono. Nabadilisha kitu kimoja kimoja, ukibadilisha vitatu kwa mpigo hutajua kipi kimekuokoa.

Sasa narudi kwenye ile sentensi. Nilikutana na mama mmoja aliyeuona mchezo wiki kadhaa nyuma, akaanza kumsimulia rafiki yake nikiwa nimesimama palepale: "Aliniwekea sarafu mkononi mwangu, nikafumba ngumi mwenyewe, nafungua, imekuwa nyingine!" Haikutokea hivyo. Iligeuka mkononi mwangu, yeye alikuwa anaangalia tu. Lakini anavyosimulia macho yanang'aa, anaonyesha na ngumi kabisa, na nikajua pale pale kwamba mchezo wake ni mzuri kuliko wangu. Nilirudi nyumbani nikauvunja wote. Glasi ikaenda, kitambaa kikaenda, sarafu mbili zikaenda, na ilinichukua miezi minne mingine kuufanya uwe vile alivyosema yule mama: nampa sarafu mkononi, namsaidia kufunga vidole, namuuliza jina lake ili ainue uso, kalamu inagusa ngumi, anafungua mwenyewe. Ile pumzi anayovuta kabla hajaongea, kwangu mimi hiyo ndo malipo.

Bado kuna sehemu moja inanisumbua. Mtu akiwa ameshika kinywaji ananipa mkono mmoja tu, tena kautegesha chini, na ile hesabu yangu yote ya kuinua uso inaharibika kwa sababu anaangalia asimwage. Kesho nina shoo. Nitajaribu kumwomba anishikie kalamu kwanza, ili kinywaji akiweke mezani mwenyewe bila mimi kumwambia.