Nilifuata Basie, Nikakutana na Monarchs

Nimekulia Morogoro, na kwetu "jazi" lilikuwa jina la bendi kabla halijawa jina la muziki. Morogoro Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz, Atomic Jazz ya Tanga: zote zilipiga rumba na mitindo yao, magitaa yakiongoza, na hakuna aliyeuliza jazi yenyewe iko wapi. Mimi nilikuja kuuliza nikiwa mtu mzima, siku rafiki yangu aliponipigia santuri ya mwaka 1937 ya Count Basie, mpiga kinanda na kiongozi wa bendi ya jazi ya Wamarekani weusi. Kinanda kilianza kivivu, kisha tarumbeta na saksafoni zikaanza kujibizana, kila kundi na kipande chake kifupi, kikirudiwa na kurudiwa mpaka nyumba nzima inatikisika. Nikamwambia rafiki yangu, hili si chemko hili, kama la bendi zetu? Tangu siku hiyo sijapona.

Ndiyo maana nilipokwenda Chicago kumwona dada yangu, nilimtahadharisha mapema kwamba siku tatu zangu ni za Kansas City, jiji la bendi ya Basie.

"Kansas City kuna nini, mdogo wangu?"

Kabla sijajibu shemeji akadakia kutoka kwenye kochi. Yeye ni mgonjwa wa besiboli. "Kuna makumbusho ya besiboli ya watu weusi, shem. Usirudi hapa bila kuyaona."

Nikamwambia besiboli sina haja nayo, mchezo gani watu wanasimama tu saa tatu. Neno hilo lilikuja kunisuta.

Treni inaondoka Chicago alasiri na kufika Kansas City usiku, safari ya saa saba hivi. Inapita mashamba ya mahindi yasiyo na mwisho, inavuka mto Mississippi pale Fort Madison, halafu giza linaingia. Njia nzima nilikuwa nikisikiliza rekodi za swing, yaani jazi ya dansi ya enzi za Basie, kwa mpangilio wa miaka, na nilijua ninasafiri kinyume cha mawimbi ya redio. Mwaka 1936 John Hammond, kijana wa familia tajiri ya New York aliyekuwa na sikio kali kuliko matajiri wenzake, alikuwa Chicago kumsikiliza mpiga klarineti Benny Goodman. Usiku mmoja amekaa garini, anazungusha kitufe cha redio, akanasa matangazo ya kituo kidogo cha Kansas City: bendi ya Basie ikipiga moja kwa moja kutoka klabu ya Reno. Hakusubiri kusimuliwa, akaenda kuiona mwenyewe.

Kampuni ya santuri ya Decca ilimtangulia kwa mkataba. Basie alisaini kurekodi nyimbo 24 kwa dola 750, bila mrabaha hata senti. Wanamuziki wetu wa dansi wakisikia kisa hicho watacheka kwa uchungu, maana wanakijua. Lakini kabla bendi haijaingia studio ya Decca, Hammond aliwachukua watano kati yao, Novemba 1936, hapo hapo Chicago, wakarekodi nyimbo nne kwa jina la bandia, Jones-Smith Incorporated, kwa kuwa jina la Basie lilikwishauzwa. Hizo ndizo rekodi za kwanza za Lester Young, mpiga saksafoni wa bendi hiyo. Nilizipiga mara tatu kati ya Fort Madison na Kansas City. Wapulizaji wa saksafoni wa wakati ule walitaka sauti nene ya Coleman Hawkins, yenye kifua. Lester anapuliza kama mtu anayekusimulia jambo huku anatazama pembeni, na jambo lenyewe ni zito.

Asubuhi niliita gari. Dereva aliposikia lafudhi yangu akaniuliza kwa Kiswahili nimetoka wapi. Yeye ni wa Uvira, Kongo, ana miaka kadhaa pale mjini.

"Muzee, unaenda wapi?"

"Mtaa wa 18 na Vine. Nimekuja kwa ajili ya jazi."

Akanitazama kwenye kioo, uso umemfunguka. "Jazz ya Franco?"

Nikacheka mpaka nikakohoa. Kumbe nimevuka bahari kumkuta mtu mwenye tatizo langu lile lile, maana yeye alikulia na OK Jazz kama mimi nilivyokulia na Morogoro Jazz. Nikamweleza kwamba hii ni ile nyingine, ya Wamarekani weusi wa zamani. Akasema sawa, lakini uso ulikwishafunga tena.

Mtaa wa 18 na Vine leo ni mtulivu, karibu mtulivu mno. Majengo machache yametengenezwa vizuri, mengine ni kuta za mbele tu zilizoegemezwa kwa vyuma, nyuma yake majani. Katika miaka ya 1920 na 1930 hapa palikuwa hapalali. Jiji lilikuwa mkononi mwa bwana mkubwa wa siasa, Tom Pendergast, na chini yake marufuku ya pombe ilibaki kwenye karatasi. Klabu zilifunguliwa hadi asubuhi, na wanamuziki walipata kazi hata wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Mwaka 1939 Pendergast akafungwa kwa kukwepa kodi, na sherehe nayo ikaanza kupoa. Simsifu mtu huyo, lakini muziki ninaoupenda ulikula mezani kwake.

Ukiingia jengo la makumbusho unakuta ukumbi mmoja na milango miwili: huku makumbusho ya jazi, kule makumbusho ya Negro Leagues, yaani ligi za besiboli za watu weusi enzi ambazo ligi kuu haziwachukui. Mhudumu akaniambia naweza kukata tiketi ya pamoja. Nikamkumbuka shemeji, nikaikata, nikijipangia dakika 20 za adabu upande wa besiboli.

Upande wa jazi nilijua ninachokitafuta. Charlie Parker, gwiji wa saksafoni, alikulia katika jiji hili, na pale ndani, kwenye kioo, ipo saksafoni yake ya plastiki, nyeupe inayoelekea krimu, aliyopigia tamasha la Toronto mwaka 1953. Jiji liliinunua kwenye mnada London mwaka 1994. Nilisimama mbele yake muda mrefu. Plastiki! Kama vile Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz angepiga gitaa la kuchezea watoto, na bado ukasikia ni Mbaraka.

Halafu nikavuka ukumbi, na dakika 20 zikawa saa tatu.

Waliolipanga jumba lile ni wajanja. Mara tu ukiingia unaona kiwanja cha besiboli, chenye sanamu za shaba za ukubwa wa mtu: Satchel Paige katikati akirusha, Josh Gibson amechuchumaa kudaka. Lakini umetenganishwa nao kwa wavu. Huingii uwanjani mpaka upite historia yote kuzunguka ukuta. Nikaanza kuzunguka nikiwa na haraka, haraka ikaisha yenyewe.

Ligi ya kwanza iliyodumu iliundwa Februari 1920, hapo hapo mtaani, katika jengo la YMCA la barabara ya Paseo, chini ya mwanzilishi wake, Rube Foster. Bado limesimama, nililiona baadaye kwa miguu. Timu ya jiji iliitwa Kansas City Monarchs. Mwaka 1930 mmiliki wao, J. L. Wilkinson, alitengeneza taa za kubebeka: milingoti juu ya malori, na jenereta iliyonguruma mechi nzima, wakawa wanacheza usiku miji wanayopita. Ligi kuu ya weupe ilicheza mechi yake ya kwanza ya usiku mwaka 1935. Niliposoma hilo nikaona bendi kabisa: kupakia vyombo, kusafiri usiku, kufunga mitambo, kupiga, kufungua, kuondoka.

Na ndipo nikafika kwenye picha ya hoteli. Street Hotel ilikuwa hapo kwenye kona ya 18 na Paseo, hoteli ya mweusi kwa wageni weusi, kwa kuwa hoteli za katikati ya jiji hazikuwapokea. Mchezaji wa Monarchs na mpiga saksafoni wa bendi iliyo ziarani walikutana kwenye ngazi zile zile, wakala staftahi chumba kimoja. Wachezaji walikwenda klabu usiku, wanamuziki walikwenda uwanjani mchana. Jumapili, inasimuliwa, makanisa yalianza ibada mapema ili waumini wawahi mechi, nao walikwenda na nguo zao za kanisani, kofia na yote. Nilikuwa nimeingia nikidhani kwamba mtu fulani wa halmashauri aliweka makumbusho mawili pamoja ili kuokoa kodi ya jengo. Kumbe hayakupata kutengana.

Mwaka 1945 Monarchs walikuwa na kijana Jackie Robinson. Mwaka uliofuata alikuwa ligi ndogo, na tarehe 15 Aprili 1947 akaingia uwanjani na Brooklyn Dodgers, mweusi wa kwanza ligi kuu katika karne hiyo. Mwaka 1949 Basie alirekodi wimbo wa kumshangilia, wa Buddy Johnson, nilikuwa nao kwenye simu miaka yote nikiufanya wa kujaza sahani. Nilivaa visikilizio pale pale mbele ya jezi ya Monarchs nikausikiliza upya. Shangwe ile ina kisu ndani. Wachezaji bora walipochukuliwa mmoja mmoja na ligi kuu, mashabiki waliwafuata, na ligi za weusi zikafa. Buck O'Neil, aliyecheza kituo cha kwanza kwa Monarchs kisha akawa kocha wao, hakupata kucheza ligi kuu hata siku moja. Alifariki 2006, na jumba la mashujaa wa besiboli likamwingiza mwaka 2022. Mwaka 2024 ligi kuu iliingiza takwimu za Negro Leagues kwenye vitabu vyake, na Josh Gibson, aliyefariki 1947, akawa na wastani wa juu kabisa wa kupiga, .372. Kheri ya marehemu.

Mwishowe wavu uliisha, nikaingia uwanjani, nikasimama kando ya Paige. Nilipiga picha, nikamtumia shemeji bila maneno. Akanijibu kwa vicheko vinane.

Mchana nilikula kwa Arthur Bryant, barabara ya Brooklyn, si mbali na ulipokuwa uwanja wa Monarchs. Nyama ya ng'ombe ya kifuani, imekaa kwenye moshi kutwa nzima, imelundikwa juu ya mkate mweupe. Wapenzi wa nyama choma mtanisamehe, sisi tuna moto, wenzetu wana subira.

Jirani na mtaa ule kuna viwanja ambako vijana hufundishwa besiboli. Nikakaa kwenye benchi karibu na mzee mmoja mwenye kofia ya Monarchs. Nilimkiri kwamba sioni kitu, mrushaji amesimama tu. Akaniambia nisiangalie mpira, niangalie mabega ya mrushaji kabla hajarusha, halafu miguu ya anayetaka kukimbia. Nikaangalia. Watoto wa miaka 12 hivi, na wote tisa uwanjani walikuwa wakisogea kidogo kidogo, kila mmoja akimsoma mwenzake, hakuna aliyesimama. Ni rede, ila mpira mmoja unachukua dakika nzima kuiva.

Jumamosi hiyo nilienda Mutual Musicians Foundation, nyumba ndogo ya barabara ya Highland ambayo chama cha wanamuziki weusi kilikuwa nayo tangu miaka ya 1920. Mwishoni mwa wiki wanaanza kupiga saa ambayo watu wa heshima wamelala. Mpiga kinanda alikuwa mama wa makamo, mpiga dramu kijana mdogo kabisa. Walipiga bluzi. Kuna mahali yule mama aligusa noti mbili, akaondoa mikono, akaiweka mapajani. Besi inaendelea, toazi linaendelea, yeye anawatazama tu. Nikajikuta nimeegemea mbele, macho kwenye mabega yake.

Saa tisa na nusu usiku niliita gari. Kwa bahati akaja yule yule wa Uvira.

"Muzee, umeipata jazz yako?"

"Nimeipata, ndugu yangu."

"Basi sikiliza na ya kwangu."

Akaongeza sauti. Franco ndiyo kwanza alikuwa anaingia kwenye sebene.